Mwalimu Barasa na Skrini Nyeusi

Mimi ni mtu wa mdomo, na hilo Ruiru wanalijua, kwa hivyo sitaanza kwa kujifanya mpole. Jina langu ni Wamboi. Nashona nguo kwenye kibanda cha mabati karibu na stesheni ya treni, na Jumapili naimba alto kwenye kwaya ya kanisa letu. Watu huniuliza mbona mwalimu wetu wa kwaya anasomea nyimbo kwenye kompyuta nyeusi isiyo na picha hata moja, badala ya karatasi kama binadamu wengine. Mimi nawauliza kwanza: una haraka? Kama una haraka, shika njia yako. Kama huna, vuta stuli.

Mwalimu huyo ni Barasa. Alizaliwa upande wa Webuye, akaja Thika akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwanda, akaipata, na mpaka leo hajaiacha. Ni mtu wa stoo. Fundi wa mashine akitaka beringi, mkanda au nati, Barasa ndiye anayemtolea. Kulala analala hapa Ruiru, plot moja na sisi, yeye chini, sisi juu. Mke wake, Jentrix, anauza chai na maandazi asubuhi kwa wale wanaokimbilia treni. Watoto wao walikua wakaenda kujitafutia. Kwa hivyo Barasa akitoka kazini jioni, ana vitu viwili tu vya kumkimbiza nyumbani: Jentrix na kwaya.

Na kwaya, wacha niseme ukweli, alitukuta tukiwa takataka. Tulikuwa tunaimba kwa kusikilizia. Kila mtu anamfuata jirani, jirani naye anamfuata mwingine, na wimbo tunaanza kwa do moja tunamaliza kwa do nyingine kabisa. Pasta alikuwa akitupenda kwa sababu ya Injili tu.

Barasa akaja na solfa. Kwake, wimbo haujaanza mpaka noti ziimbwe. Siku za kwanza hakuna maneno, hakuna Bwana, hakuna haleluya, ni do, re, mi peke yake, sauti moja moja, akianza na besi kwa sababu nyumba haianzwi kwa mabati. Na karatasi hakupi. Anasema ukimpa mwimbaji karatasi atainama aisome na sauti yake itaenda kwa sakafu. Anasoma yeye, anakuimbia mstari wako, wewe unamrudishia. Ukikosea anarudia. Ukikosea tena anarudia tena, bila kukasirika, na hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu mimi nikikosewa mara ya pili nimeshapandwa na mori.

Siku moja alitupeleka Thika, kule maporomoko ya Chania, akatupanga mgongo kwa maji, yeye akaenda kusimama mbali. Tuimbe mpaka atusikie. Wageni wa hoteli ya pale wakatoka na vikombe mikononi kutuangalia. "Bado nasikia maji!" Barasa anapaza sauti. Tunaimba. "Bado maji!" Aai, tulirudi nyumbani hatuwezi hata kuitisha chumvi mezani. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu amesema kwaya yetu inanong'ona.

Sasa, habari ya macho.

Alificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wanaume nani atawaambia? Tukaanza kuona anashika karatasi mbali, halafu karibu, halafu anaipeleka dirishani, halafu anasema mwanga wa dirisha unamuumiza. Mwishowe Jentrix akamkokota hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa polepole, kwamba dawa ya matone itauzuia kukimbia, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Karatasi nyeupe ilikuwa inamwakia, noti zinazama ndani ya ule weupe kama sukari kwenye chai. Daktari akamwambia maandishi meupe, makubwa, juu ya rangi nyeusi, ndiyo yatamfaa.

Akajaribu simu. Ukipiga picha ya karatasi ukaikuza, unapata noti moja kubwa kama sahani, majirani zake wote wamehama. Na noti ya solfa peke yake haisemi kitu. Lazima uone pigo liko wapi, na alto imekaa wapi juu ya tena, ile sauti ya wanaume iliyo juu ya besi. Barasa akarudisha simu mfukoni, akasema, "Basi nitakariri." Nani anaweza kukariri sauti nne za kila wimbo? Lakini alianza kukariri. Jentrix alikuwa anamwimbia solfa vibaya vibaya jikoni, yeye anarekebisha.

Mume wangu, Kinuthia, ni fundi wa kompyuta, na pia ni besi, ingawa ufundi anauweza zaidi. Kibanda chake kimejaa laptop ambazo watu walileta, wakasikia bei ya kuzitengeneza, wakazisahau. Moja ilikuwa imezeeka hata haikuweza kufungua madirisha ya rangi na picha. Ukiiwasha inakupa skrini nyeusi tupu na kamstari kanakopepesa, kanangoja uandike amri. Kila aliyeiona alidhani imekufa. Kinuthia aliitazama, akamfikiria Barasa.

Ndani yake akaweka programu ndogo ya kuonyesha maandishi. Haitaki kipanya, haitaki intaneti. Unaandika neno soma, unaweka jina la wimbo, unabonyeza Enter, na wimbo unajitokeza palepale kwenye weusi: kichwa kwa rangi, jina la kila sauti kwa herufi nzito, noti chini yake nyeupe pe, kubwa utakavyo. Nikamuuliza inajuaje kichwa ni kipi. Akanionyesha faili lenyewe. Ni maandishi makavu, ila mbele ya kichwa kuna kaalama, na neno zito limewekewa nyota huku na huku. Programu inazisoma alama hizo, inafanya inachoambiwa, halafu inazificha. Hapo nikaelewa mara moja. Ni chaki yangu kwenye kitambaa! Mimi nikiona chaki najua hapa ni kukata, hapa ni kukunja. Mteja haoni chaki, anaona gauni.

Na kitu kingine. Kwenye ile skrini kila herufi ina upana sawa, hakuna herufi nene ya kumsukuma jirani. Alto inakaa juu ya tena pigo kwa pigo, na tena juu ya besi, wamejipanga wima. Kinuthia alikata mistari mirefu kuwa mifupi, ili Barasa akikuza maandishi yasivunjike vunjike. Nilimpikia mukimo siku hiyo bila kuombwa.

Barasa mwenyewe alikaa mbele ya mashine kama mtu aliyeitwa ofisini. Akaandika Soma kwa herufi kubwa mwanzoni, maana ndiyo heshima, na mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijui kitu kama hicho.

"Imenikataa," akasema.

"Mwalimu, usiiheshimu," Kinuthia akamwambia. "Iandikie ndogo."

Akaandika ndogo. Wimbo ukatoka. Akasogeza uso, akarudisha nyuma, kisha akaanza kuimba besi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapanda kwenye sauti ya tena, akapanda alto na ile sauti yake nzito, akajaribu hata soprano mpaka mbwa wa jirani akabweka. Jentrix alikuwa mlangoni na unga mikononi. Akaniangalia, nikamwangalia, na wote tukajifanya tunatazama nje.

Mwenyekiti wa kwaya yetu ni Waweru, mwenye duka la misumari na rangi pale barabarani. Mgala muue na haki yake mpe: Waweru si mtu mbaya. Ni mtu wa kuogopa aibu. Tulikuwa tumealikwa kwenye tamasha ya kwaya huko Thika, na kila kwaya ililetewa wimbo mmoja mpya wa lazima, wote waimbe huo huo. Waweru akaja na karatasi ya wimbo huo mbele ya kamati, mimi nikiwemo, akasafisha koo mpaka nikamwonea huruma.

"Mwalimu, tunakupenda," akasema. "Lakini hii siyo nyimbo ya kukariri, hakuna mtu ameisikia. Ukiisoma ukatufundisha, tamasha ni yako. Ikishindikana, wacha Kiama ashike kwaya."

Kiama ni mwimbaji wetu wa sauti ya tena, kijana mzuri, anajua noti kiasi. Barasa akasema, "Hiyo ni haki." Hakuongeza neno.

Jentrix ndiye aliyeniongezea, tukianika nguo. "Wamboi, huyu mtu wakimnyang'anya kwaya, atasema na stoo pia hawezi. Ataniambia turudi Webuye, akae kwa kiti angoje giza. Namjua." Nilimwambia aache maneno ya kuita mikosi. Lakini usiku nilikuwa nayafikiria.

Basi tukaketi mimi na Kinuthia kuuandika ule wimbo, mimi nasoma karatasi ya Waweru kwa sauti, yeye anabonyeza. Do, nukta mbili, re, mstari, mi, kistari. Hapa lazima niwaeleze jambo moja la solfa, na sitarudia. Kistari kina maana ya kuvuta: noti uliyoishika, usiiachie, iburute mpaka pigo linalofuata. Patupu ni kimya. Na nukta iliyosimama mwanzo wa pigo bila noti mbele yake, msomaji mzuri akiiona anajua hapo hakuna wa kuimba, nyamaza. Asiyejua noti angeiruka tu kama uchafu wa nzi. Lakini Barasa si wa kuruka kitu.

Tukamaliza, Kinuthia akalinganisha alichoandika na karatasi, mstari kwa mstari, sawasawa kabisa. Nikarudisha karatasi kwa Waweru dukani.

Barasa akatufundisha. Ndugu zangu, kilikuwa kipindi kitamu. Alikuwa anaweka mashine juu ya viti viwili, taa ya kanisa imezimwa upande wake, uso wake unapata mwanga kidogo kutoka kwa zile herufi, na anasoma! Anasoma kama zamani. Tulipofika mwishoni, mahali tunaposema neema yako ni ya milele, akatuonyesha: ile "le" ya mwisho ni fupi, unaikata, pigo moja kimya kanisa zima, halafu mnaingia tena kwa nguvu. Tukajaribu. Kimya kile kilitusisimua. Kinuthia akasema mtunzi ana akili, amewawekea besi mahali pa kupumua.

Jumamosi moja Waweru akaja mazoezini na karatasi yake chini ya kwapa, akaketi nyuma. Tukamwimbia kwa maringo. Tulipofika kwenye milele, tukakata, tukanyamaza, na katika kile kimya chetu kizuri Waweru akasema, "Ah-ah. Simameni."

Akatembea mpaka mbele. "Mwalimu, hapa mmenyamaza. Karatasi inasema vuta."

"Inasema kimya," Barasa akajibu. "Kuna nukta."

"Hakuna nukta. Ni kistari. Sauti zote nne, kistari. Milele gani hii yenu inakatika?"

Akampa karatasi. Barasa akaisogeza puani, akaiinamisha, akaipeleka dirishani akarudi. Hakuona kitu, kila mtu alijua hakuona kitu. Akageukia skrini yake akainama. Kiama naye akachukua karatasi akaitazama, na maskini hakutaka kusema, lakini Waweru akamuuliza.

"Ni kistari, Mwalimu," Kiama akasema polepole.

Mngemwona Barasa. Alitazama skrini tena kwa muda, kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa. Halafu akafunika mashine kabla mtu mwingine hajaitazama. "Ndugu zangu," akasema, "kutoona ni kitu kimoja. Nilikuwa nimekubali. Lakini kuona kitu ambacho hakipo, hapana. Mwenyekiti ana haki. Kiama, njoo ushike." Akachukua koti lake akatoka. Hakutaka kusindikizwa, hata na Jentrix aliyekuwa akimngoja nje.

Mimi nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia Waweru kwa kusema mbele ya watu. Nilimkasirikia Kiama kwa kuwa na macho mazuri. Nilimkasirikia Kinuthia bila sababu, maana ndiye aliyekuwa karibu. Jioni ile tukakuta mashine imewekwa mlangoni petu, imefungwa vizuri kwa kitambaa cha Jentrix cha maandazi. Nikaitupa juu ya kabati nikasema mtu asiiguse. Jumapili Barasa hakuja kanisani. Jumatatu alienda kazini akarudi kichwa chini. Jentrix akaniambia kwamba anapanga kumwona mkubwa wake kiwandani mwisho wa wiki, aseme macho yameisha, aache kazi.

"Si nilikuambia?" akasema.

Ulikuwa mchana wa Jumatano, mvua imefukuza wateja, Kinuthia alipoishusha ile mashine. Alitaka kuisafisha ampe mtu mwingine. Nikamfokea. Akaniambia, "Wamboi, kukasirikia chuma hakusaidii," na katika kubishana akaiwasha, akaandika soma na jina la wimbo, labda kwa mazoea tu. Nikaja kusimama nyuma yake nikiwa bado naongea. Nikanyamaza katikati ya neno, na hiyo kwangu hutokea mara chache.

"Kinuthia. Hii ni nini?"

"Wapi?"

"Hapa! Mwanzo wa mstari, kwa milele."

Akakodoa macho. "Ni nukta."

"Wewe unaona nukta?"

"Naona nukta. Nono hivi."

"Na mimi naona nukta! Haiya! Uliandika nukta, wewe mwanaume?"

"Niliandika kistari, Wamboi, si tulilinganisha?" Akafungua lile faili lenyewe, yale maandishi makavu kabla ya programu kuyapamba. Kistari. Kiko pale, kimekaa mwanzo wa mstari. Akarudi kwenye programu: nukta. Akaenda, akarudi. Kistari, nukta. Sauti zote nne. Halafu akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheka kile kicheko cha mtu anayetaka kulia.

Akanieleza. Kwa ile programu, mstari ukianza na kistari na nafasi, inadhani unaandika orodha, kama mtu anayeandika vitu vya sokoni: vitunguu, nyanya, mafuta. Inakuondolea kistari, inakuwekea nukta nzuri mbele, ikidhani imekusaidia. Kwenye karatasi ya Waweru kile kistari kiko katikati ya mstari mrefu. Kilifika mwanzoni kwa sababu Kinuthia alikata mistari iwe mifupi kwa ajili ya macho ya Barasa. Na tulipolinganisha, tulilinganisha tulichoandika. Hakuna aliyelinganisha kinachoonyeshwa.

"Kwa hivyo Barasa alisoma sawa," nikasema.

"Alisoma sawa kuliko sisi sote. Mwingine angeiona hiyo nukta akairuka."

Nilivua tepu ya kupimia shingoni nikaitupa. Sikungoja mvua iishe. Nikaifunika mashine kwa koti la mteja, Mungu anisamehe, nikamvuta Kinuthia mpaka dukani kwa Waweru, tukaifungua katikati ya makopo ya rangi. Sikusalimia hata.

"Mwenyekiti, soma hapa. Unaona nini?"

Waweru akavaa miwani. Akatazama. Akatoa karatasi yake kwenye droo, akaiweka kando ya skrini, kidole kimoja huku, kimoja huku. Uso wake ukabadilika pole pole. "Nukta," akasema. "Ngai. Ni nukta." Kisha akakaa juu ya ndoo ya rangi. Nilikuwa nimebeba matusi ya kutosha njia nzima, lakini nilipomwona alivyokaa, yaliniishia mdomoni.

"Nilimwambia mbele ya watu," akasema. Akafunga duka kabla ya saa ya kufunga, jambo ambalo Waweru hajawahi kufanya hata siku ya uchaguzi.

Dawa ilikuwa ndogo ajabu. Kinuthia aliweka vialama vitatu vidogo juu ya noti na vitatu chini yake. Ni kama kuiambia ile programu: kuanzia hapa mpaka hapa usisaidie, acha kama ilivyo. Akafungua tena, na vistari vyote vikatokea vimekaa mahali pao. Nikamwambia angejua hiyo mapema ningekuwa sijalowa.

Tukamngoja Barasa kwake. Alitoka kazini jioni akatukuta tumejaa chumbani, mimi, Kinuthia na Waweru, Jentrix anatumiminia chai. Akasimama mlangoni, akadhani kuna msiba.

"Mwalimu, keti," nikamwambia. "Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ile Jumamosi uliona nini?"

"Wamboi, tafadhali."

"Uliona nini?"

"Niliona nukta," akasema, kwa aibu. "Najua haikuwepo."

"Ilikuwepo."

Hakunielewa. Ilibidi Kinuthia afungue mashine, amwonyeshe faili la zamani na jipya, kistari, nukta, kistari, nukta, amweleze habari ya orodha ya nyanya na vitunguu. Barasa alikuwa anamsikiliza kinywa wazi kidogo. Kisha akaanza kutuuliza mmoja mmoja, kama anavyotuuliza noti.

"Wamboi, wewe uliiona? Kwa macho yako?"

"Niliiona."

"Kinuthia?"

"Niliiona, Mwalimu. Nono."

"Mwenyekiti?"

Waweru akaweka kikombe chini. "Niliiona. Nimekuja kukuambia nilikosea, na Jumamosi nitasema hivyo hivyo mbele ya wale niliokusemea mbele yao. Kwaya ni yako. Kiama mwenyewe amenituma nikuambie hataki, anasema besi zinamtisha."

Tulicheka, hata Barasa. Akaomba mashine. Akaandika soma, kwa herufi ndogo, na wimbo ukatoka, akaimba ule mwisho, na akaivuta ile "le" mpaka kikombe cha Waweru kikatetemeka kwenye sahani. Waweru alikuwa anafuata na karatasi yake. Alikubali kwa kichwa kila pigo.

Thika tulienda, tukaimba, na kwaya ya Gatuanyaga ikatushinda, na mimi bado nasema majaji walikuwa na njaa. Lakini siyo hiyo inayonijia ninapoulizwa habari ya ile kompyuta. Inayonijia ni ile jioni, baada ya Waweru kumaliza chai na kuaga, nikiwa nimebaki kumsaidia Jentrix vyombo.

Barasa alikuwa bado ameketi. "Wamboi," akasema, "mnadhani nilivunjika moyo kwa sababu ya kwaya."

"Kwani ni nini?"

"Macho yakianza kukudanganya, hujui yatakudanganya wapi. Tangu Jumamosi kazini nasoma lebo mara tatu, bado siamini. Naogopa hata kuvuka barabara." Akamwonyesha Jentrix kwa kidevu. "Na huyu hapa sijamwangalia usoni. Nilisema, nikimwangalia nikaona uso mwingine, nitafanya nini? Afadhali nisijue."

Jentrix alikuwa na sufuria mkononi. Akasimama hivyo hivyo.

Barasa akainuka, akamshika mabega, akamgeuza taratibu kuelekea kwenye taa. Akamtazama kipaji cha uso, akamtazama mashavu, akamtazama sana, bila haraka, kama anavyosoma mstari wa alto.

"Umesuka," akasema.

"Nimesuka tangu Jumapili," Jentrix akamjibu, na hapo ndipo alipoanza kulia.